Padi ya Pili

Mashine ya gemu yenye padi moja ya kushika mkononi haichezwi na watu wawili. Hilo halihitaji fundi. Hata kuku wa mtaa wa Mfaranyaki, hapa Songea, wanalijua. Ndiyo maana alasiri ile, Abasi alipotoka uani akamkuta binti yake Asma mbele ya runinga anapigana ngumi na mtu, na mtu huyo anampiga vibaya, hakushtuka. Gemu la ngumi ndivyo lilivyo: ukikosa mwenzako, mashine yenyewe inakuwa mwenzako.

Kilichomsimamisha ni benchi. Asma alikuwa amekaa ukingoni kabisa, nusu hewani, amebakiza upande wa kulia nafasi ya kumtosha mtu mzima.

"Asma, unacheza na nani?"

"Na huyu," mtoto akajibu bila kugeuka.

"Huyu nani?"

"Si huyu hapa, baba."

Abasi akatazama kioo cha runinga. Kwenye kona ya kulia palikuwa na yale maandishi yanayotokea pale tu mtu wa pili anapochomeka padi yake na kubonyeza kitufe. Akainama kutazama mashine. Ilikuwa na matundu manne ya padi. Moja lina waya wa Asma, matatu matupu. Akasema, "Shoti hii." Fundi akishindwa kukieleza kitu husema shoti. Akang'oa plagi ukutani, runinga ikazima, na ndani ya kasha la mninga ile mashine ikaendelea kukwaruza kidogo, kwaru, kwaru, kama panya kwenye dari, ndipo ikanyamaza.

Asma akashuka kwenye benchi akaenda zake jikoni kwa mama yake. Kabla hajatoka aligeuka akapunga mkono.

Sasa huyu Abasi mumjue. Alikuwa mtu wa Tunduru, kwao wakulima wa korosho, ila yeye korosho hakuzipenda, alipenda waya. Alikuja Songea kutengeneza redio, akaoa, na chumba cha mbele cha nyumba yake akakigeuza kuwa chumba cha gemu. Vyumba vya gemu vipo vingi mjini, lakini cha Abasi kilikuwa na rafu. Kwenye rafu hiyo alizipanga mashine za zamani kwa ukoo wao, ya kwanza hadi ya mwisho, na vijana walipokuja kucheza mpira alikuwa hawaachi wacheze tu. Lazima awape historia. Walimwita Profesa, nusu kwa heshima na nusu kwa kumcheka, naye jina lilimkaa vizuri kichwani.

"Mnawaona hawa?" alikuwa akisema, kidole juu ya rafu. "Hawa Nintendo walianza na karata. Karata hizi hizi za kuchezea, huko Kyoto, mwaka 1889. Na huyu hapa Atari, alikuwa mfalme Marekani, akatengeneza kaseti za gemu nyingi kuliko wanunuzi. Soko likaporomoka. Basi wakazibeba kwa malori, wakaenda kuzizika jangwani."

"Kuzizika, Profesa? Kama mtu?"

"Kama mtu. Walizipondaponda wakazimwagia na zege. Ila zile ambazo hazikupondeka, walipokuja kufukua miaka mingi baadaye, wakazikuta nzima."

Halafu alikuwa akifika kwa Sony, na hapo sauti yake ililainika. Sony, alisema, alikwenda kwa Nintendo kama mposaji. Wakakubaliana kuunda mashine pamoja, na siku ya pili tu baada ya Sony kutangaza, Nintendo akasimama mbele ya watu akasema anakwenda na mwingine. "Aibu gani hiyo, jamani! Lakini aibu ile ndiyo iliyozaa PlayStation. Msiidharau aibu. Aibu ikimkuta mtu mwenye akili inamjenga."

Mwishoni, kati ya PlayStation ya pili na Xbox ya kwanza ya Microsoft, rafu ilikuwa na pengo. Hapo palistahili kukaa Dreamcast, mashine ya mwisho ya Sega. Mwaka 2001 Sega walitangaza kwamba hawaundi tena mashine, wanabaki na gemu tu. "Hapa ni mahali pa marehemu," Abasi alikuwa akisema, na vijana wakicheka.

Songea nzima Abasi alikuwa akimjua mtu mmoja tu mwenye Dreamcast, na mtu huyo alikuwa rafiki yake. Makarius, mwenyeji wa Lusewa, alikuwa mlinzi wa nyumba ya mhandisi mmoja Mjerumani wa mradi wa maji. Mjerumani alipomaliza mkataba akamwachia ile mashine nyeupe, padi mbili, diski ya ngumi, na kikadi cha kumbukumbu chenye kioo chake kidogo kama saa ya mkononi. Kikadi kile kilichomekwa ndani ya padi, na betri zake zikifa, kila ukiwasha mashine kilikuwa kinapiga kelele moja ndefu: piiiii. Makarius alikuwa haweki betri mpya. Alisema kinamsalimu.

Naye alikuwa na salamu yake. Kabla ya pambano kuanza alikuwa akimwinamisha mpiganaji wake goti mara mbili, upesi upesi, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa misa. "Mtunduru," alimwambia Abasi, kwa ule utani wao, "piga goti na wewe, labda Mungu atakuhurumia." Na harufu yake ilikuwa ya tumbaku mbichi ya bani, lile banda la kukaushia majani, maana mama yake alilima tumbaku na mwana alikuwa akishinda huko kila likizo. Abasi alipomwomba ile mashine kwa ajili ya rafu, Makarius alicheka mpaka akashika ubavu. "Hii nitakufa nayo."

Kweli akafa, homa ilimpanda kichwani, naye akazikwa kwao Lusewa.

Kwenye ukoo wa Makarius, kitu cha marehemu kikipelekwa kaburini hutobolewa kwanza. Sahani hutobolewa, kikombe hutobolewa, sufuria hupigwa msumari kitakoni. Mgeni hudhani ni kwa sababu ya wezi, na kweli hakuna mwizi wa sahani yenye tundu. Lakini wenyewe wanasema zaidi ya hapo: kisichotobolewa hakijafa, na ambacho hakijafa kitamtafuta mtu wa kukitumia. Mama yake Makarius, Mama Verediana, alitaka ile mashine ikae juu ya kaburi pamoja na sahani. Kuitoboa mwenyewe moyo ulimkataa. Akamwambia Abasi mbele ya watu wote wa msiba, "Wewe ndiwe fundi, na wewe ndiwe rafiki yake. Nitobolee, mwanangu, uniletee siku ya kumaliza matanga."

Abasi aliibeba mashine hadi Songea, imefungwa kwenye kitenge cha yule mama. Siku hiyo umeme ulikatika, akaiweka mezani, akamwita Asma amshikie tochi. Akafungua skrubu. Ngozi nyeupe akaiweka kushoto, matumbo yote ya ndani akayaweka kulia. Akachukua drili ya mkono akaitoboa ile ngozi tupu, tundu safi katikati, na padi moja akaitoboa pia, ili ionekane kazi imefanyika.

"Na hii ya ndani, baba?" Asma aliuliza. Alikuwa darasa la tatu, mtoto wa kuuliza.

"Cha nje kinatosha," Abasi akasema.

Matanga yakaisha. Juu ya kaburi likakaa ganda, watu wakamshukuru fundi, naye akala ugali wao akashushia na chai yao. Matumbo akayatengenezea kasha la mninga, akalisugua likang'aa, akaliweka kwenye pengo la rafu. Wateja walipouliza akasema ameiagiza Kariakoo. Maskini, hata uongo wenyewe aliuzoea haraka.

Ndiyo mashine hiyo.

Baada ya alasiri ile ya benchi, Abasi alijipa moyo. Akasafisha matundu kwa spiriti, akabadili waya, akaketi mwenyewe ajaribu. Mtu wa pili hakutokea. Akashukuru Mungu. Lakini ilipokaribia maghribi, wakati ambao Zulfa mkewe huita watoto waingie ndani na kufunga madirisha, runinga ikawaka chumba cha mbele bila mtu kuigusa, na Asma akanyanyuka kwenye mkeka alipokuwa akila, akaenda, akakaa ukingoni mwa benchi. Abasi akamfuata. Aliona mpiganaji wa Asma amesimama kushoto, na yule wa kulia amesimama kumkabili, na kabla kengele haijapigwa, yule wa kulia akapiga goti mara mbili, upesi upesi, kama mtu aliyechelewa misa.

Abasi akavuta pumzi. Chumba kilikuwa kinanuka tumbaku mbichi, na chini ya tumbaku hiyo kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa leo.

Akazima. Akalifungia kasha na padi yake kwenye sanduku la bati, kufuli juu, ufunguo shingoni. Zulfa akamuuliza kulikoni, akasema mashine inaharibu macho ya mtoto. Siku ya pili maghribi Asma alikaa palepale mbele ya runinga iliyozimwa, vidole gumba vyake vinabonyeza hewa, na ndani ya sanduku kitu kikakwaruza, kwaru, kwaru, na kikadi kisicho na betri kikalia: piiiii.

Kuanzia hapo mtoto akaanza kupungua. Si mwili, maneno. Alikuwa kasuku wa nyumba ile, sasa ukimwuliza jambo anakutazama kama uko ng'ambo ya mto. Mikono yake ikawa baridi hata akiota moto jikoni. Zahanati walimpima damu wakasema malaria hana, minyoo hana, mpeni matunda. Zulfa alilia njia nzima ya kurudi. Abasi alitembea nyuma yake amebeba ndizi, na kila aliyewapa pole alikuwa kama amemtupia jiwe usoni, maana yeye peke yake mtaani pale alikuwa anajua mtoto anaumwa nini.

Je, alisema? Hakusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kuna watu bora wafe kuliko waumbuke, na Abasi alikuwa mmoja wao. Aliwaza sura ya Mama Verediana. Aliwaza vijana wanaomwita Profesa wakisikia kwamba Profesa anaiba makaburini. Siku zikapita.

Zulfa ndiye aliyeamua kwenda mtaa wa Bombambili kwa Bi Zabibu. Bi Zabibu alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na pembeni ya cherehani alikuwa na msahafu, maana alisomea wagonjwa wenye mashetani, tena hakupenda sifa. Waliingia wakamkuta anapindia sare za shule.

"Shikamoo, Bi Zabibu."

"Marahaba. Kaeni, msinikanyagie kitambaa." Akamshika Asma mkono, akauachia upesi. "Huyu anacheza na nani?"

Zulfa akamtazama mumewe. Abasi akaeleza habari ya mashine, akaeleza goti, akaeleza kelele. Bi Zabibu akavua miwani.

"Mashine yenyewe umeitoa wapi, baba?"

"Kariakoo," akasema Abasi.

Bi Zabibu akaandika kombe kwa zafarani, akaliosha kwa maji, akamsomea Asma kwa muda mrefu mpaka jasho likamtoka, akampa anywe. Mtoto akanywa yote. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu mzima aliyeambiwa uongo akaamua kunyamaza, akasema, "Haiingii."

"Umesikia?" Bi Zabibu akamgeukia Abasi, sauti chini. "Dawa yangu imegonga ukuta. Na ukuta wenyewe haukujengwa na jini. Umejengwa na mtu. Nendeni nyumbani, baba. Ukimaliza kufikiri, urudi."

Abasi aliinama kutafuta viatu vyake mlangoni, akavitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Maghribi ile Mfaranyaki nzima ilikuwa giza, umeme umekatika tangu mchana. Abasi alikuwa uani anatawadha aliposikia kengele ya pambano chumba cha mbele. Akaingia na maji yakimdondoka. Na hapo, kwenye nyumba isiyo na umeme, runinga ilikuwa inawaka, ile alama ya buluu inayojizungusha kama konokono imekwisha kupita na pambano limeanza, na sanduku la bati lilikuwa bado na kufuli lake, na ufunguo ulikuwa bado shingoni mwake, na Asma alikuwa ukingoni mwa benchi, padi mkononi, waya wake umening'inia haukuchomekwa popote, na pembeni yake, mahali alipobakiza, ubao wa benchi ulikuwa umepinda kidogo katikati, kama unavyopinda mtu mzima anapoukalia, na harufu ya udongo ilikuwa nzito kiasi kwamba Abasi aliisikia ulimini, na mpiganaji wa Asma alikuwa anapigwa, anaanguka, ananyanyuka, anapigwa.

"Asma," akanong'ona. "Mwanangu. Acha."

"Siwezi. Nikipigwa hili nampisha."

Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba cha Abasi, ameiandika mwenyewe ukutani kwa chaki: anayepigwa anampisha mwenzake.

"Unampisha nini? Benchi?"

Asma akajigusa kifuani kwa kidole gumba. "Hapa."

Abasi akamrukia akampokonya padi. "Cheza na mimi! Mimi ndiye, cheza na mimi!" Akabonyeza vitufe vyote. Mpiganaji wa kulia akasimama, mikono chini. Hakupiga. Akasimama tu, anatazama nje ya kioo, na ile subira yake ilikuwa mbaya kuliko ngumi.

"Hakutaki wewe," Asma akasema kwa sauti tambarare. "Anasema wewe hupishi mtu."

Abasi akaanguka magoti. Akageuka akamwona Zulfa mlangoni na kibatari, hajui amesimama hapo tangu lini, na maneno yakamtoka yote pamoja na makamasi: tochi, skrubu, ganda, Kariakoo, ngozi nimempelekea marehemu na moyo nimebaki nao. Alipofika mwisho runinga ilikuwa imezima. Zulfa hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Ulikula ugali wa msiba wa yule mama," akasema taratibu. "Tulikula wote. Aliniongezea mboga." Akamchukua mtoto akaingia naye ndani, akamwacha mumewe gizani na aibu yake.

Asubuhi Bi Zabibu aliwasikiliza bila kusimamisha cherehani. Abasi aliposema "nilimdhulumu marehemu, ndiyo amerudi," Bi Zabibu akakanyaga breki.

"Marehemu hajarudi popote. Makarius amekwenda kwa Mola wake, mwache apumzike. Huyo aliyeko kwako ni mwingine. Amekuta kitu kimetolewa wapewe wafu, hakijawafika. Walio hai hawana haki nacho. Nyumba isiyo na mwenyewe. Akaingia, akavaa na tabia za mwenyewe ili umfungulie. Mimi simtoi kwa kisomo, wewe ndiye umempangisha." Akakata uzi kwa meno. "Nenda kaseme kwa mdomo wako mbele ya uliyemdhulumu. Halafu kivunjwe chote. Kila aliyekigusa afunge alichogusa kwa kitambaa cheupe, kwa mkono wake. Isibaki hata skrubu. Nimesema hata skrubu, baba."

Walikwenda Lusewa na basi la asubuhi ileile, kasha Abasi amelifunga kwa shuka jeupe. Asma alifunga padi na kikadi kwa mkono wake, katika vipande viwili vya kitambaa cheupe alivyopewa na Bi Zabibu, akavipakata njia nzima bila kusema neno.

Mama Verediana walimkuta kwenye bani, anatunga majani ya tumbaku kwenye uzi. Aliponyanyuka kuwapokea kwa furaha, Abasi alitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekuja wote? Kuna nini?"

Abasi akapiga magoti kwenye vumbi la majani, akasema. Alisema bila kupamba, na safari hii hakuruka kitu. Bi mkubwa alimsikiliza mikono yake ikiendelea kutunga majani. Abasi alipomaliza, mama akafunga fundo mwisho wa uzi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, mama?"

"Kila Jumamosi nilipokwenda Songea kwa mwanangu nilikuwa nainyanyua ile mashine nifute vumbi chini yake. Nisijue uzito wake? Uliponirudishia ilikuwa nyepesi kama maganda ya karanga. Niliibeba mpaka kaburini, nikaiweka."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mbele ya watu? Nikuumbue rafiki wa mwanangu?" Akamtazama, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa bani au kwa jambo jingine. "Nilikuonea haya, Abasi. Nikasema atakuja mwenyewe. Umechelewa, lakini umekuja."

Abasi alilia pale kama aliyefiwa leo. Kumbe aibu aliyoikimbia ilikuwa imebebwa na mtu mwingine muda wote, mwanamke mzee, kichwani, pamoja na kuni zake.

Kaburi lilikuwa nyuma ya bani, ganda jeupe juu yake limeanza kuota ukungu. Abasi akaweka matumbo ya mashine juu ya jiwe akayaponda kwa nyundo mpaka yakawa changarawe ya kijani. Skrubu alizipinda moja moja. Padi akaiponda, na kitambaa kile kidogo cha Asma akakiponda bila kukifungua, maana alikifunga mtoto kwa mkono wake; kikalia kwaa, plastiki ikavunjika ndani. Upepo ukapita ukaondoka na harufu. Asma akapiga chafya, akamshika mama yake nguo.

"Mama, nina njaa," akasema, na Zulfa akamkumbatia akicheka na kulia.

Mama Verediana alikuwa na miadi ya macho hospitalini kesho yake, basi wakarudi naye Songea. Ndani ya basi Asma alisema kuliko kondakta. Mikono yake ilikuwa ya moto. Walipofika, bi mkubwa akaketishwa sebuleni kwenye kiti chenye mto, akapewa chai ya tangawizi, na Zulfa, ambaye tangu jana hakuwa amemwita mumewe kwa jina, akamwita, "Baba Asma, mletee mama sukari." Abasi alikwenda kuchukua sukari na miguu yake haikanyagi chini. Aliona amesamehewa. Aliona hata anaweza kuwasimulia vijana siku moja, wakiwa wakubwa.

Jua lilikuwa linazama aliposikia sauti chumba cha mtoto. Piiiii.

Akasukuma mlango. Asma alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro, nusu hewani, amebakiza nafasi pembeni. Akafumbua kiganja. Kikadi kilikuwa kizima, kioo chake kidogo kinawaka, na ndani yake vidoti vyeusi vilikuwa vimejipanga umbo la mtu.

"Asma." Akachuchumaa mbele yake. "Kwenye kile kitambaa ulifunga nini?"

"Kikokotoo kibovu, kile cha mezani kwako."

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

Mtoto akamtazama kwa kushangaa kweli, kama anayeulizwa jambo alilofundishwa na anayemwuliza. "Nimefanya kama wewe, baba. Si ulisema cha nje kinatosha?"

"Baba Asma!" Ilikuwa sauti ya Mama Verediana kutoka sebuleni, kikombe kikigonga kisosi. "Mwanangu, kinalia nini huko ndani?"

Hatua chache tu zilimtenga na yule mama. Angeweza kutoka na kikadi mkononi, aseme, mama, bado. Lakini ameshamwita mwanangu, ameshakunywa chai yake, na Zulfa ameshamwita kwa jina. Abasi akahisi joto limempanda shingoni mpaka masikioni, lile lile la siku zote.

"Betri ya saa, mama," akaitika. "Inakufa."

"Haya. Nilidhani nimeisikia mahali sauti hiyo."

Abasi akageuka. Asma alikuwa amesimama. Mtoto huyu hajawahi kukanyaga kanisani maisha yake yote. Akashika gauni lake vizuri, akapiga goti mara mbili, upesi upesi, kisha akarudi ukingoni mwa godoro na kupapasa ile nafasi iliyo wazi.

"Kaa, Mtunduru," akasema.